Kupeana Mafaili Nyumbani baina ya Kompyuta ya Windows na ya Linux

Si ajabu siku hizi kuikuta nyumba moja ya Wete, Chake Chake au Mkoani ina kompyuta mbili zisizofanana. Moja ni kompyuta mpakato ya mzazi, inayoendeshwa na Windows. Ya pili ni ya kijana anayesoma, ya zamani kidogo, iliyowekewa Linux. Sababu inafahamika. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali kuwekwa kwa njia rasmi katika kompyuta nyingi za zamani, kwa kuwa inadai prosesa ya miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Kompyuta hizo bado ni nzima. Baadhi ya wenyewe wamezihamishia kwenye Linux, mfumo endeshi usiolipiwa leseni, nazo zinaendelea kufanya kazi.

Tatizo hujitokeza pale kompyuta hizo zinapotakiwa kupeana kitu. Picha za harusi zimo katika kompyuta ya kijana, na mzazi anazitaka. Daftari la hesabu za msimu wa karafuu, lenye majina ya wachumaji na pishi alizochuma kila mmoja, limo katika kompyuta ya mzazi, na kijana ndiye ajuaye kulijumlisha. Hapo mara nyingi hufanyika moja kati ya mambo mawili: ama faili hutumwa kwa WhatsApp au kwa baruapepe, ama hutiwa kwenye flashi na kuvushwa ukumbini kwa mkono. Njia zote mbili zina gharama ambayo mtumiaji haioni papo hapo.

Faili lililotumwa kwa intaneti hutoka nyumbani, huenda kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali na kisiwa hiki, kisha hurudi chumba cha pili. Bando hukatwa mara mbili, wakati wa kupandisha na wakati wa kuteremsha, hata video ya gigabaiti 2 ikawa imekula gigabaiti 4 ili kuvuka ukuta mmoja. Picha nazo, zikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, hufika zimepunguzwa ubora. Anayetaka kuzichapisha kwa ukubwa baadaye ndiye atakayeona tofauti. Ama flashi, hiyo huchukua virusi kila inapochomekwa, kutoka duka la kuchapishia hadi ofisini na kurudi nyumbani. Aidha, flashi iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo tele.

Ipo njia ya tatu, nayo haihitaji kununua chochote. Kompyuta mbili zilizounganishwa na ruta moja tayari zimo katika mtandao mmoja wa ndani, na zinaweza kupeana mafaili moja kwa moja. Safari hiyo huishia kwenye ruta. Haifiki kwa kampuni ya simu, kwa hiyo haihesabiwi katika bando, na hufanyika hata siku ambayo bando limekwisha. Wi-Fi inayopitisha kwa kweli megabiti 50 kwa sekunde huivusha ile video ya gigabaiti 2 kwa muda wa dakika tano na ushei. Palipo na waya wa mtandao, hata ule wa kawaida wa megabiti 100, kazi hiyo huchukua kiasi cha dakika tatu.

Windows na Linux hazikuundwa na mikono mimoja, lakini zina lugha moja ya kupeana mafaili. Lugha hiyo huitwa SMB. Ilianza katika kampuni ya IBM mwaka 1983, kwa kazi ya Barry Feigenbaum, kisha Microsoft ikaichukua na kuiendeleza ndani ya Windows. Upande wa Linux ilifika kwa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1991, Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alianza kuandika programu ya kuzungumza lugha hiyo ya mitandao ya Windows. Alipolazimika kuipa jina jipya, aliiagiza kompyuta yake imtafutie katika orodha ya maneno ya Kiingereza neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo, na miongoni mwa maneno yaliyojitokeza alichagua Samba. (Kama angetafuta katika kamusi yetu, bila shaka angekutana na shamba.) Samba hutolewa bure hadi leo, na ndiyo inayoiwezesha kompyuta ya Linux kuonekana na ile ya Windows kana kwamba ni ndugu yake.

Kabla ya kueleza hatua zenyewe, ni vyema jambo moja likafahamika, kwa kuwa ndilo lililotufanya tuiweke mada hii katika kijitabu cha watumiaji badala ya kuwaachia mafundi. Kupeana mafaili ni kufungua mlango. Mlango huo unaweza kufunguliwa kwa ufunguo, anayehusika akaingia. Na unaweza kuachwa wazi, akaingia kila apitaye. Njia ya pili ni nyepesi zaidi kwa fundi, kwani humaliza kazi kwa dakika kumi na kila kitu kikaonekana kinakwenda vizuri. Fundi wa namna hiyo huizima fayawoli, yaani ngome inayoilinda kompyuta na mawasiliano yasiyotakiwa. Hulifungua folda kwa kila mtu, bila neno la siri. Na kompyuta za zamani zikigoma, huwasha toleo la kwanza la SMB, ambalo watengenezaji wenyewe wameliacha.

Madhara ya toleo hilo yalionekana dunia nzima. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kihalifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa kwa kupitia kasoro iliyokuwamo katika toleo hilo la kwanza ndani ya Windows. Iliyafunga mafaili ya watu kwa msimbo na kudai fidia ili kuyafungua. Kompyuta zilizoathirika zilikuwa katika nchi zaidi ya 150, na hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha huduma kwa wagonjwa. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yamekwisha kutolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakuyaweka, pamoja na waliokuwa na mifumo ya zamani isiyopewa tena marekebisho. Wala mtumiaji wa Linux asijione yuko salama kwa jina tu. Siku chache baadaye, katika mwezi ule ule wa Mei, ilitangazwa kasoro nzito ndani ya Samba, nayo ikahitaji kurekebishwa haraka. Windows 10, kuanzia toleo la mwisho wa mwaka 2017, ikaacha kuliweka toleo la kwanza la SMB kwa kawaida. Samba nayo ikalizima mwaka 2019. Anayeliwasha tena leo anaurudisha mlango ule ule.

Wapo watakaosema kuwa huo ni mtandao wa nyumbani, na nyumbani hakuna mgeni. Hoja hiyo inahitaji kuangaliwa kwa mazingira yetu. Wi-Fi haikomei kwenye ukuta. Inafika barazani, na mara nyingi inafika kwa jirani. Kwa desturi zetu, jirani akiomba neno la siri la Wi-Fi hanyimwi, mtoto wake akija kusoma hapewa, na mgeni aliyeshuka boti kutoka Unguja hupewa kabla hata ya kahawa. Ukarimu huo ni mzuri na hatushauri uachwe. Lakini maana yake ni kwamba wanaoufikia mtandao wa nyumba moja ni wengi kuliko wanaolala humo, na simu zao zimebeba programu ambazo mwenye nyumba hazijui. Hivyo neno la siri la Wi-Fi lisihesabiwe kuwa ndilo kinga ya mafaili. Kila folda linaloshirikishwa liwe na ufunguo wake.

Sasa tuangalie kazi yenyewe, tukianzia upande wa Windows. Hatua ya kwanza ni kuithibitishia kompyuta kuwa mtandao huu ni wa nyumbani. Katika mipangilio ya mtandao, kwenye sifa za Wi-Fi unayotumia, chagua neno «Private» badala ya «Public». Chaguo la «Public» liachwe kwa mitandao ya bandarini, hotelini na mikahawani, ambako kompyuta hutakiwa ijifiche. Kisha unda folda jipya kwa kazi hii tu, tuseme liitwe Pamoja, na uliweke moja kwa moja katika diski C. Lisiwekwe ndani ya «Documents» wala juu ya «Desktop», kwa sababu katika kompyuta nyingi sehemu hizo hufungamanishwa na ghala la Microsoft la OneDrive. Video uliyotaka ivuke ukumbi tu ikapandishwa kwenye intaneti kimyakimya, na bando ulilokusudia kuliokoa likaliwa. Haifai vilevile kulishirikisha folda lote la mtumiaji, au diski nzima, eti kwa kurahisisha. Cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba havihitaji kuonekana na kompyuta ya pili ili picha za harusi zipite.

Folda likiwa tayari, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua «Properties», kisha «Sharing». Hapo utaulizwa ni nani aruhusiwe, na aruhusiwe nini: kusoma tu, au kusoma na kuandika. Usichague «Everyone». Chagua jina la akaunti moja. Ushauri wetu ni kuunda akaunti ya pembeni katika kompyuta hiyo kwa ajili ya kazi hii, yenye jina fupi kama familia na neno lake la siri. Sababu ni kikwazo kinachowapotezea watu muda mwingi kuliko kingine chochote: ile namba fupi ya PIN unayofungulia Windows kila asubuhi haifanyi kazi kupitia mtandao. Windows hudai neno la siri kamili la akaunti, na wengi waliofungua kompyuta zao kwa akaunti ya baruapepe wamelisahau zamani. Akaunti isiyo na neno la siri kabisa nayo hukataliwa. Akaunti ya pembeni huondoa mashaka yote hayo kwa mara moja.

Kilichobaki ni kujua anwani ya kompyuta hiyo. Fungua dirisha la maagizo, andika ipconfig, na utafute mstari wa IPv4. Utaona namba kama 192.168.1.20. Nenda kwenye kompyuta ya Linux, fungua programu ya mafaili, bonyeza vitufe vya Ctrl na L kwa pamoja ili sehemu ya anwani ijitokeze, kisha andika:

smb://192.168.1.20/Pamoja

Utaulizwa jina na neno la siri. Weka yale ya akaunti ya familia, na folda litafunguka.

Upande wa Linux kazi si kubwa zaidi, ila ni lazima Samba iwekwe. Katika Linux Mint, Ubuntu na Debian, agizo ni hili:

sudo apt install samba

Baada ya hapo Samba ipewe neno la siri. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini Samba ina kitabu chake cha maneno ya siri, tofauti na cha Linux. Kwa mtumiaji ambaye tayari ana akaunti katika kompyuta hiyo, tuseme kijana, agizo huwa:

sudo smbpasswd -a kijana

Andika neno jipya mara mbili. Usishtuke herufi zisipoonekana unapoandika. Ndivyo Linux inavyoficha. Kisha libofye folda linalotakiwa kwa kitufe cha kulia na uchague sehemu ya kushirikisha. Katika Linux Mint imeandikwa «Sharing Options», na katika Ubuntu huonekana ikiwa kiambatisho cha kushirikisha mafaili kimewekwa. Kisanduku cha kuruhusu wageni kiache kitupu. Kama umewasha ngome ya Linux, usiizime. Iruhusu Samba peke yake kwa agizo la sudo ufw allow samba.

Anwani ya kompyuta ya Linux hupatikana kwa kuandika hostname -I. Katika Windows, anwani huandikwa juu kabisa ya dirisha la mafaili, na hapa mistari huinamia upande wa pili:

\\192.168.1.30\Pamoja

Mstari ulioinama kinyume umewafanya watu wengi waamini kuwa mtandao wao ni mbovu. Linux hutumia ule wa kawaida, Windows hutumia ule wa kinyume; hakuna sababu nyingine ila historia.

Ikiwa kompyuta hazionani, tazama kwanza kama zote zimo katika Wi-Fi moja. Ruta nyingine hutoa mitandao miwili, mmoja wa wenyewe na mmoja wa wageni, na iliyo katika wa wageni haiwezi kuzungumza na zilizo katika wa wenyewe. Baadhi ya ruta na baadhi ya simu zinazogawa intaneti pia huzitenga kompyuta kwa makusudi, hata zikiwa katika mtandao mmoja. Mpangilio huo huweza kubadilishwa kwenye ruta, ila kwa simu mara nyingi hauguswi. Ikiwa zilikuwa zikionana jana na leo hazionani, huenda ruta imegawa anwani mpya, kwa hiyo zitazame namba upya. Na Windows 11 ikikataa kuingia kwa kusema kuwa wageni wasiotambulika hawaruhusiwi, hilo si kosa la kurekebishwa kwa kuilegeza Windows. Ni ishara kwamba upande wa pili folda limeachwa bila ufunguo. Rudi huko ukaweke neno la siri.

Majina ya mafaili yana utata wake. Kwa Linux, Karafuu na karafuu ni mafaili mawili. Kwa Windows ni moja. Ukiwa nayo yote mawili katika folda moja la Linux, kompyuta ya Windows inaweza kukuonyesha moja tu, ukadhani jingine limepotea. Windows pia haikubali nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota, alama za kunukuu wala mistari iliyoinama katika jina la faili. Anayeandika saa kwa nukta mbili, kama 4:30, ataliona jina hilo limegeuka herufi zisizoeleweka upande wa pili. Tarehe iandikwe kwa mfumo wa 2025-09-14, na mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfululizo wa siku.

Umeme unastahili neno lake. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na enzi ya kutegemea majenereta ya Wesha imepita. Hata hivyo umeme hukatika. Kompyuta mpakato ina betri, ruta haina. Umeme ukizimika katikati ya uhamishaji, kompyuta zote mbili zitabaki zinawaka huku njia iliyo baina yao imekufa, na faili lililofika nusu halifai kitu. Kwa sababu hiyo nakili, usihamishe. Faili la asili libaki mahali pake mpaka umelifungua lile lililofika na kuliona ni zima, ndipo ufute la kwanza ukitaka. Vilevile watu wawili wasilifungue daftari moja la hesabu kwa wakati mmoja, mmoja kwa LibreOffice na mwingine kwa Excel. Atakayehifadhi mwisho anaweza kuifuta kazi ya mwenziwe, na pishi za wachumaji zikapotea bila mtu kujua zilipopotelea.

Wala folda la pamoja lisichukuliwe kuwa ni akiba. Programu ya kihalifu ikiingia katika kompyuta moja, huandika juu ya kila kitu ambacho kompyuta hiyo imeruhusiwa kuandika, pamoja na folda la pamoja. Kwa hiyo asiyehitaji kuandika apewe ruhusa ya kusoma tu, na nakala ya mambo yasiyorudi, kama picha za wazee na hati za ardhi, iwekwe katika diski ya nje ambayo huchomolewa na kufungiwa kabatini.

Kwa mtumiaji atakayemwita fundi, hakuna aibu katika hilo, na fundi astahiki ujira wa muda na ujuzi wake. Asichostahiki ni kutoza leseni ya Linux au ya Samba, kwani hazina leseni ya kulipiwa. Kabla hajaondoka, mwombe akuonyeshe kwa macho kuwa fayawoli imewashwa, kuwa folda linadai neno la siri unapolifungua kutoka kompyuta ya pili, na kuwa toleo la kwanza la SMB halikuguswa. Muulize pia kama amefungua lango namba 445 kwenye ruta kuelekea nje. Jibu liwe hapana, kwa sababu lango hilo ndilo la SMB, na likifunguliwa nje folda lako litaweza kugongwa na mtu yeyote duniani. Maneno ya siri yawekwe na wewe mwenyewe, fundi akiwa ameangalia pembeni. Dai risiti iliyoandika kazi iliyofanywa, si neno «matengenezo» peke yake. Fundi akigundulika kuwa ameuacha mlango wazi, arudishwe kwanza airekebishe kazi yake. Akikataa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na risiti hiyo ndiyo ya kwanza kwenda nayo.